Kipimo cha mifupa kwa kijana mwenye thairoidi: mashine safi, ripoti ovyo

Nyota tatu kati ya tano, na karibu zote ni za fundi wa mashine.

Binti yangu ana miaka 14 na ana ugonjwa wa Graves, yaani tezi ya thairoidi iliyoko shingoni inamwaga homoni kupita kiasi. Homoni hiyo ikizidi, mfupa wa zamani hubomolewa haraka kuliko mpya unavyojengwa, tena katika umri huuhuu ambao mwili unajiwekea akiba ya mifupa ya maisha yote. Ndiyo maana daktari wake alitutuma kufanya kipimo cha DXA, yaani cha mionzi ya kuona mifupa ina madini kiasi gani.

Kipimo chenyewe hakina neno. Analala chali, mkono wa mashine unapita juu yake, dakika chache kimekwisha. Hakuna sindano, na mionzi ni kidogo mno. Fundi alimpima urefu kwanza, akazungumza na binti mwenyewe badala ya kunielekea mimi. Alichukua uti wa mgongo upande wa kiunoni na mwili mzima bila kuhesabu kichwa, kama inavyotakiwa kwa watoto.

Shida ilikuwa ripoti. Ilitoka na alama ya T na maneno "mifupa imedhoofika". Alama ya T hukulinganisha na mtu mzima ambaye mifupa yake imeshakomaa, kwa hiyo mtoto wa miaka 14 anaweza kufeli bure! Kwa watoto hutumika alama ya Z: umri uleule, jinsia ileile, na urefu nao uzingatiwe. Binti aliisoma kabla yangu, akaniuliza kama ndio basi tena kucheza mpira. Nikarudi dirishani. Walibisha kidogo, kisha daktari wa picha akaiandika upya bila malipo. Z ilikuwa -1.3: chini ya wastani, lakini haijafika -2, ambao ndio mpaka wa kuitwa mifupa hafifu kwa umri wake.

Picha ya mkono wa kushoto, ya kuangalia umri wa mifupa, waliisoma vizuri. Mifupa yake imeutangulia umri wake. Alikuwa anarefuka kwa kasi, shangazi zake wakimsifu, kumbe gegedu la ncha za mifupa likifunga mapema urefu huishia hapo.

Sasa anameza carbimazole, dawa ya kupunguza homoni za thairoidi, na homoni zikitulia mifupa mara nyingi hujijenga tena. Kipimo kijacho tutafanyia hapohapo, maana majibu ya mashine mbili tofauti hayalinganishwi moja kwa moja. Ila kabla ya kulipa nitauliza nani anaandika ripoti za watoto.