Ziara ya bajaji Lahore, kufuata mkutano wa 1974: nyota nne

Nilipomaliza siku arobaini za Tabligh Raiwind, nje kidogo ya Lahore, Pakistan, ilibaki siku moja kabla ya ndege ya kurudi Dar. Wenzangu wakaenda sokoni. Mimi nimesoma Chuo Kikuu cha Kiislamu Uganda, pale Mbale, na chuo kile mbegu yake ilipandwa Lahore. Februari 1974 viongozi wa nchi za Kiislamu walikutana hapa, mkutano wao wa pili baada ya ule wa Rabat, Morocco, wakaazimia vijengwe vyuo vikuu viwili Afrika, kimoja Niger, kimoja Uganda. Idi Amin alikuwamo. Cha kwetu kilifunguliwa 1988. Nilitaka kupaona kwa macho yangu.

Kijana aliyenichukua ana bajaji ya kijani yenye picha ya Al-Aqsa nyuma. Tulipatana rupia 5,000 kwa siku nzima, mafuta juu yake. Akaniita maulana tangu asubuhi, na Kiarabu chake cha madrasa kikaelewana na changu. Hata ile picha aliieleza: moto uliowashwa Al-Aqsa Agosti 1969 ndio uliowakusanya wakubwa Rabat mwezi uliofuata.

Msikiti wa Badshahi ndipo alipostahili nyota zote. Viatu mkononi, akanipitisha kwenye jamvi lililomwagiwa maji, maana yale mawe mekundu uani yanaunguza. Akasimama, akanyoosha mkono: Ijumaa ya tarehe 22, Mfalme Faisal wa Saudia, Gaddafi wa Libya na Arafat wa Palestina waliswali humu. Babu yake alikuwa nje ya ukuta, kakosa nafasi. Siku hiyohiyo Pakistan ikaitambua Bangladesh, na kesho yake kiongozi wake, Mujibur Rahman, akatua Lahore, miaka miwili na kidogo tu tangu vita vya 1971 vilivyoitenga Bangladesh na Pakistan. Kijana aliposimulia hapo sauti ilishuka. Babu alilia, alisema, kwa sababu alikuwa na ndugu kule Dhaka. Nami nimesoma habari za mkutano ule miaka mingi, lakini uzito wa siku ile niliupata pale, nyayo zikiwa bado mbichi kwa maji.

Uwanja wa kriketi wa Gaddafi tuliupita tu barabarani.

Nyota niliyoipunguza ni ya duka la mazulia. Nilimwambia mapema sinunui kitu, bado tukakaa saa nzima na nusu tukinyweshwa chai. Matokeo yake tulifika Mnara wa Mkutano magharibi inaingia. Ni mnara mrefu mweupe, kazi ya Vedat Dalokay, Mturuki yuleyule aliyechora Msikiti wa Faisal wa Islamabad, nao umesimama mbele ya Bunge la Punjab walimokaa kikao. Niliuzunguka mara moja tu. Makumbusho ya chini yake sikuyaona, na hilo limeniuma, kwa kuwa ndilo lililonitoa Raiwind.

Nilimwambia. Akatoa rupia 1,000 mfukoni kunirudishia, nikamkatalia. Ukimpata, mwambie aanzie mnarani asubuhi, Badshahi iwe mchana, na mazulia ayaache kabisa.