Choki inayonguruma ghalani: nipe tyubu nyembamba

Nyamazeni kidogo. Mnasikia? Mmmmmm. Huyo si nyuki, ni choki, kile kifaa kinachozuia umeme usizidi kwenye tyubu.

Niko Mtwara, ndani ya ghala la korosho, magunia yamepangwa mpaka karibu na kenchi, na juu kuna tyubu za futi nne, zile nene za zamani zinazoitwa T8, na choki za sumaku. Kama ni mgeni kwenye chaneli, karibu, gusa kengele. Wa siku zote mnajua kazi yangu ni kugombana na taa.

Habari za wati na futi mnazijua, naruka. Mimi nataka muone kitu kimoja. Nachukua kalamu, naipunga haraka chini ya taa ya zamani. Sogeza kamera, kijana. Mnaona? Kalamu moja imekuwa sita, saba, zimepangana kama mbavu. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tyubu yenye choki ya sumaku inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Nahamia chini ya hii nyembamba, inaitwa T5, yenye balasti ya elektroniki, yaani choki ya kisasa. Napunga... ukungu tu. Hii inakwenda zaidi ya hezi 20,000, jicho halishiki kitu. Narudi kule. Mbavu. Huku, ukungu. Mtasema mchezo wa kitoto, lakini kwenye kiwanda cha kubangua, penye puli na mkanda, taa ya namna ile inaweza kukuonyesha puli imesimama kumbe inazunguka. Ukapeleka mkono.

Halafu joto. Saa nane mchana chini ya bati hili shati unalikamua. T8 hutoa mwanga wake wote penye nyuzi 25, T5 penye nyuzi 35. Hii ya wati 28 inatoka lumeni, kipimo cha mwanga, kama 2,600 hadi 2,900 joto likipanda. Taa ya kusini kabisa!

Ila msikimbilie dukani kama mimi mwaka jana. Nilibeba boksi zima nikachomeke kwenye makasha ya zamani. Muuzaji kaniambia, "Zinaingia tu, bosi." Pini za T5 zimeachana milimita 5, za T8 milimita 13, na tyubu yenyewe fupi kwa inchi mbili. Boksi lilirudishwa? Thubutu. Nunua na kasha lake.

Bei inauma, sifichi. Lakini T8 ya wati 36 na choki yake inakula kama 45, hii 32 hivi. Kwa tyubu 40 zikiwaka muda wa saa kumi kila usiku, tofauti ni uniti tano na ushee. Hesabu ya LUKU pigeni wenyewe.

Najua, kwenye maoni mtaandika LED, LED. Haya, na mimi nimeanza kulegea. Tyubu hizi zina zebaki, na mwaka 2023 kule Geneva nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, Tanzania imo, zilikubaliana kukomesha kuzitengeneza na kuziingiza nchini ifikapo mwisho wa 2027. Ukijenga ghala jipya leo, Lindi au Mikindani, funga LED. T5 ni ya aliye nayo tayari, au aliyeipata kwa bei ya kutupa, na tyubu za akiba aweke. Lakini hata LED zipungieni kalamu, maana za bei chee zipo zinazocheza kuliko choki hii.

Wiki ijayo naleta LED tatu za madukani hapa mjini, kalamu ni hii hii. Kijana, zima kamera. Hapana, anza na hiyo taa, masikio yamechoka.