Kitabu cha karatasi, Kindle, kishikwambi au simu: ununue nini ukiwa Mwanza

Kwa anayeishi Mwanza na ana hela ya kitu kimoja tu cha kusomea, mpangilio wangu ni huu: karatasi kwanza, kisomavitabu, yaani kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali kama Kindle au Kobo, cha pili, kishikwambi cha tatu, simu mwisho.

Karatasi inaongoza kwa sababu ya Kiswahili. Riwaya, tamthilia na diwani zetu nyingi hazina nakala laini inayouzwa kihalali; utazipata dukani, maktaba ya mkoa, au kwenye vitabu vya mtumba. Inauma kutoa fedha nyingi kwa mashine kisha ukakosa cha kusoma kwa lugha yako. Halafu kitabu ukishakilipia ni chako, unamwazima dada au unawaachia watoto. Cha kidijitali mara nyingi unapewa ruhusa ya kusoma tu: mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kwenye Kindle za watu waliokwisha kuvinunua, ikawarudishia fedha. Wanafunzi wana sababu nyingine. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 54 ulionyesha kuwa watu huelewa zaidi wakisoma masomo kwenye karatasi, hasa muda ukiwabana. Kwa hadithi, tofauti hiyo haikuonekana.

Kwa hiyo kama unasoma hadithi nyingi, tena za Kiingereza, kisomavitabu kinakufaa kweli. Wino wake wa kielektroniki hula umeme pale ukurasa unapobadilika, ndiyo maana ukizima taa yake chaji moja huenda wiki kadhaa hata umeme ukatike. Jua nalo halikisumbui. Kwenye meli ya Nansio mchana, simu inakuonyesha sura yako mwenyewe. Maandishi ya wino huu yanazidi kukolea. Anayesomea ufukweni achukue kinachohimili maji, kama Kindle Paperwhite kuanzia toleo la 2018. Usiku punguza mwanga, maana wale wadudu wadogo wa ziwani huufuata.

Mimi napendelea Kobo, kwa kuwa faili la EPUB, muundo wa kawaida wa vitabu vya kidijitali, unalihamisha kwa waya kutoka kompyuta na linafunguka hapo hapo. Bei ni mzigo: Kindle ya kawaida ya 2024 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 110 hivi, bado usafiri na kodi. Ukipata cha mtumba, kiwashe mbele ya muuzaji. Hakikisha kimeondolewa kwenye akaunti ya mwenyewe wa zamani, fungua kurasa kadhaa utafute mistari isiyofutika, kisha chomeka chaji uone kama inaingia. Kikiwa bado na akaunti ya mtu, kiache.

Ndugu zangu wa vyuo vya SAUT na Bugando, nawasihi msinunue cha inchi 6 kwa ajili ya PDF za chuo. Herufi zinakuwa ndogo mno, na kila ukurasa unabaki kuvuta kushoto na kulia. Hapo kishikwambi cha inchi 10 ni bora, ingawa macho huchoka mapema na chaji haimalizi siku mbili.

Simu usiinunue kwa ajili ya kusoma. Kama ndiyo uliyonayo, pakua kitabu kizima bando likiwepo, kuza herufi, kisha zima data ili meseji zisikukatize katikati ya sura.