Vitabu vya mazoezi ya IELTS vya Cambridge: anzia kurasa za nyuma

Nafundisha Kemia sekondari hapa Dodoma. Chuo cha Uingereza kilichonikubali kwa shahada ya uzamili kilitaka IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, kwa wastani wa 6.5, na sehemu yoyote kati ya kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza isiteremke chini ya 6.0. Haikusaidia kwamba tangu kidato cha kwanza nimesomeshwa kwa Kiingereza. Tanzania, sawa na Kenya na Uganda, haimo kwenye orodha ambayo serikali ya Uingereza inaitumia kuwasamehe waombaji wa viza mtihani wa lugha, na vyuo vingi navyo vinataka cheti.

Sikwenda kozi. Nilijisomea jioni kwa vitabu vya mitihani ya mazoezi vya Cambridge, vile vyenye namba kwenye jalada. Nilitumia namba 15 na 17, nikapata 7.0, na ninavisifu kwa moyo wote. Ila naona wengi wanavitumia nusu: wanafanya mtihani, wanasahihisha, wanahesabu alama, wanafunga kitabu. Kila kitabu kina mitihani 4 kamili, sawa, lakini mtihani unakupima tu. Kinachokufundisha kiko nyuma, baada ya mtihani wa nne: maandishi ya yote yaliyosemwa kwenye sauti, na majibu ya insha yenye maoni ya watahini.

Chukua kusikiliza. Maswali ni 40, sauti inachezwa mara moja tu, basi. Nilikuwa nafanya, nasahihisha, halafu nafungua yale maandishi na kusikiliza upya, kidole kikifuata mstari. Hapo ndipo mitego inaonekana. Mtu anataja Jumanne, anakumbuka ana shughuli, anahamia Alhamisi. Aliyeandika haraka ameshakosa. Au jina la mtaa linatajwa herufi moja moja. Sisi wa Kiswahili tukisikia E ya Kiingereza mkono unakimbilia I, na A nayo tunaisikia kama E. Nilimpa wifi yangu kazi ya kunisomea majina na namba za simu wakati anapika.

“Wifi, polepole basi!”

“Hiyo sauti ya mtihani itakungoja? Andika.”

Alinisaidia kuliko programu yoyote ya simu niliyojaribu. Na zingatia tahajia: ukikosea herufi moja, au ukisahau s ya wingi, jibu limekwenda. Wakisema maneno yasizidi mawili, ukiandika matatu hupati kitu.

Kwenye insha, yasome majibu ya watahiniwa wenyewe, yaliyoachwa na makosa yake, kabla ya jibu lolote la mfano. Jibu la mfano ni zuri mno, unalisoma unabaki kulishangaa. Lakini jibu la alama 5 au 6, na chini yake mtahini ameeleza limeishia wapi, hilo unaweza kulifanyia kazi. Utaona mtu ana msamiati mzuri ila hakujibu sehemu ya pili ya swali. Utaona mwingine amejaza viunganishi kila sentensi, kama tulivyozoeshwa shuleni, na mtahini hakupendezwa. Insha ya pili, ile ya maneno 250, ina uzito mara mbili ya ile ya kueleza mchoro, kwa hiyo muda mwingi upe hiyo.

Kusoma ndiko kitabu kinakuacha peke yako kidogo, kwa sababu ufunguo uliochapishwa unataja jibu bila kueleza. Inabidi uurudie mwenyewe ule mstari unaothibitisha. Fanya hivyo hasa kwa maswali ya kweli, si kweli, na haikusemwa. Hiyo ya tatu mitihani yetu haikutuzoesha, na kwa mtu wa sayansi ni hatari zaidi: unakutana na habari ya mimea au madini unayoijua vizuri, unaona ni kweli, kumbe kifungu hakijaisema popote. Jibu linatoka kwenye kifungu, si kichwani mwako.

Kuzungumza ni dakika 11 hadi 14 ana kwa ana na mtahini. Kitabu kina maswali. Mtu wa kuzungumza naye utamtafuta wewe.

Sasa suala la kopi. Steshenari moja karibu na kwangu iliniuzia kopi ya namba 15 kwa bei ambayo mwalimu yeyote angeifurahia. Nilipofika nyumbani nikakuta imeishia kwenye mtihani wa nne. Kurasa za nyuma zote hazikutolewa kopi, ili kupunguza karatasi. Msimbo wa kupakulia sauti haukuwepo, na michoro yenye vivuli vya kijivu ilikuwa nyeusi tupu, huwezi kujua mstari upi ni wa nini. Kwa hiyo kilichobaki ni ile sehemu ya kupima peke yake. Ada ya mtihani ni mamia ya maelfu ya shilingi. Nunueni kitabu halisi, hata mkichanga watu wawili au watatu.

Mkinunua, angalieni jalada limeandikwa Academic. Kuanzia namba 11, ya mwaka 2016, toleo la Academic na la General Training yametengana, na anayeomba chuo anahitaji la kwanza. Kwa kusikiliza chukueni namba 15 kwenda juu, maana mpangilio wa sehemu hiyo ulibadilishwa kidogo Januari 2020. Za zamani bado zinafaa kwa kusoma.

Wekeni akiba mtihani mmoja msioufungua kabisa hadi wiki ya mwisho, mkaufanye kwa kikao kimoja bila kuinuka, kama saa mbili na dakika arobaini. Na kama umejiandikisha kufanya kwa kompyuta, insha za mazoezi usiziandike kwa kalamu, zichape, tena kwenye kibodi ya kompyuta na si ya simu.