REDCap kama daftari la ukiukaji wa itifaki: inafaa, ila chunga datediff

REDCap, programu ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt ya kukusanya data za utafiti, iliyoanza mwaka 2004, haina ada ya leseni kwa taasisi zisizo za faida zilizojiunga na ushirika wake. Kwa kunasa ukiukaji wa itifaki (mpango rasmi wa utafiti) katika jaribio la kitabibu inatosha, mradi fomu ziundwe na anayejua uchambuzi utahitaji nini.

Fomu ya kwanza iwe ya kujirudia, yaani ijazwe upya kwa kila ukiukaji: tarehe ya tukio, tarehe lilipogunduliwa, aina yake, maelezo mafupi. Uamuzi kama ukiukaji ni mkubwa au mdogo ukae fomu nyingine, ijazwe na kamati isiyojua mshiriki yuko kundi gani. Ukiviweka pamoja, mfanyakazi wa kituo ndiye atakayekuwa anachagua nani atolewe kwenye uchambuzi wa waliofuata itifaki.

Raha yake ni kanuni za kukagua data. Hudhurio la siku ya 28 tangu mshiriki kupangiwa kundi, lenye ruhusa ya siku 3 kabla au baada, unalipima kwa datediff, fomula inayohesabu tofauti kati ya tarehe mbili. Hapo ndipo wengi hujikwaa: usipoweka true mwishoni mwa fomula, jibu hutoka bila alama ya kutoa. Mwezi ukikosewa, hudhurio likasomeka siku 28 kabla ya mshiriki kupangiwa kundi, kanuni inalipitisha kama liko sawa kabisa.

Kuhamisha data nako kuna mtego. Mwenye ukiukaji mara 3 hutoka na mistari 4, mmoja ukiwa wa taarifa za msingi. Usipochuja kwa redcap_repeat_instrument, safu inayotaja fomu ya kujirudia ambayo mstari umetoka, idadi ya washiriki inavimba.

Isichokupa ni maana. Kwa ICH E9(R1), mwongozo wa kimataifa wa 2019 kuhusu takwimu za majaribio ya kitabibu, kukosa hudhurio ni pengo la data tu, lakini kuacha dawa kwa sababu ya madhara ni tukio linalobadilisha tafsiri ya matokeo. Yanahitaji hesabu tofauti. Kwa hiyo ongeza sehemu mbili: aliacha dawa lini, na kwa nini. Katika jaribio la kuonyesha dawa mpya si duni hizi ni za lazima, maana walioacha dawa huyafanya makundi yafanane, na dawa dhaifu ikaonekana imefaulu.

Kufunga fomu kupo, ila mwenye haki anaweza kuzifungua. Kabla ya siri ya makundi kufunuliwa, hifadhi nakala ya CSV yenye tarehe, nje ya mfumo.