Programu huria za kutazama na kushirikishana slaidi za patholojia: ipi itangulie

Slaidi moja ya tishu, yaani kioo chenye kipande chembamba cha tishu ya mgonjwa, ikipita kwenye skana kwa ukuzaji wa mara 40, kila pikseli hubeba takriban robo ya mikromita. Kipande cha tishu chenye upana na urefu wa milimita 15 basi huwa picha ya pikseli 60,000 kwa 60,000, yaani pikseli bilioni 3.6, ambayo bila kubanwa ingejaza zaidi ya gigabaiti 10. Hata ikishabanwa, faili yake hubaki nzito mno kwa barua pepe. Kwa hiyo anayechagua programu asianze kwa kuuliza ipi ina zana nyingi za kuhesabu seli. Aulize kwanza mwenzake aliye mbali ataionaje slaidi hiyo. Nimezipanga programu hizi kwa kigezo hicho. Zote ni huria na hazina ada ya leseni, lakini zile za seva zina gharama ya kweli: diski, nakala rudufu, na mtu wa kuihudumia seva wiki baada ya wiki.

Nafasi ya kwanza naipa Digital Slide Archive, iliyojengwa na Chuo Kikuu cha Emory kwa ushirikiano na kampuni ya Kitware. Huwekwa kwenye seva kwa Docker (zana ya kusimika programu ikiwa imefungashwa pamoja na vyote inavyohitaji), na baada ya hapo mtazamaji hahitaji chochote ila kivinjari na akaunti. Siri yake ni namna faili za skana zilivyopangwa: picha huhifadhiwa kama piramidi yenye tabaka za ukuzaji tofauti, na kila tabaka limekatwa vigae vidogo. Seva hutuma vile vigae tu vinavyoonekana kwenye skrini kwa wakati huo, hivyo mtu mwenye intaneti ya kawaida huzunguka ndani ya picha kubwa bila kuipakua yote. Ruhusa za kusoma, kuhariri au kusimamia hutolewa kwa mtu mmoja mmoja au kwa kikundi, folda kwa folda. Kama slaidi tayari zimo kwenye diski ya seva, programu inaweza kuzisoma papo hapo zilipo bila kuzinakili upya, jambo linalookoa nafasi nyingi. Tahadhari moja haina mjadala: usanidi wa mwanzo huja na msimamizi anayeitwa «admin» na nenosiri «password», na hilo libadilishwe kabla seva haijaunganishwa na mtandao wowote.

QuPath inashika nafasi ya pili, na kama kazi yako ni ya mtu mmoja mbele ya kompyuta moja, basi kwako ni ya kwanza. Ilianzia Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast, sasa inaendelezwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Hufunguka haraka, husoma aina nyingi za faili za skana, na zana zake za kuchora mipaka ya uvimbe na kutambua viini vya seli ni bora kuliko nyingine zote nilizozitumia. Haikuundwa kuwa seva, na hapo ndipo wengi hukwama. Mradi wa QuPath hauhifadhi picha zenyewe. Huhifadhi michoro, vipimo na anwani ya mahali picha zilipo. Ukimpa mwenzako folda ya mradi peke yake, atapata orodha ya slaidi zisizofunguka. Mpe na picha, kisha programu itamwomba aonyeshe mahali zilipohamia. Au hamisha michoro kama GeoJSON, aina ya faili ya maandishi ya kuhifadhi maumbo, ambayo programu nyingine pia zinaweza kuisoma.

OMERO, kazi ya Open Microscopy Environment yenye makao yake Chuo Kikuu cha Dundee, naiweka ya tatu. Ni imara, ina mfumo mzuri wa vikundi, na inazifahamu picha za hadubini za kila namna. Maabara yenye picha za floresensi (za rangi zinazong'aa chini ya mwanga maalumu) pamoja na slaidi za kawaida iipe nafasi ya kwanza bila kusita. Idara yenye slaidi za patholojia tu itaiona nzito kuisimika na kuitunza. Cytomine, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Liège, inafuata, nayo inafaa hasa pale watu wengi wanapoweka alama kwenye slaidi zilezile na mwalimu anataka kulinganisha kazi zao. Hospitali ambayo picha zake zote tayari ziko katika mfumo wa DICOM, kiwango cha kimataifa cha picha za kitabibu, itazame seva ya Orthanc pamoja na programu-jalizi yake ya slaidi nzima. Kuunganisha mwenyewe OpenSlide (maktaba ya kusoma faili za slaidi) na OpenSeadragon (kitazamaji cha picha kubwa ndani ya kivinjari) kunawafaa wenye mwanaprogramu wao tu.

Yapo mambo mawili ambayo hakuna programu itakayokufanyia bila wewe kuyakumbuka. La kwanza ni lebo. Skana nyingi hupiga pia picha ya kibandiko cha slaidi na kuificha ndani ya faili ileile. Hata ukiibadilisha jina faili ya .svs, mojawapo ya aina za faili za skana, jina la mgonjwa au namba yake bado vinaweza kusomeka humo. Fungua orodha ya picha za ziada, tazama kwa macho yako, na uiondoe lebo kabla ya kumpa mtu yeyote ruhusa. La pili ni faili zenye sehemu mbili. Niliwahi kupokea faili ya .mrxs, aina nyingine ya faili za skana, ambayo ilikataa kufunguka kila mahali, na nikapoteza asubuhi nzima nikiilaumu programu. Data yote ilikuwa kwenye folda yenye jina lilelile iliyopaswa kukaa kando yake, na mtumaji hakuituma.

Ieleweke pia kwamba QuPath imetolewa kwa ajili ya utafiti, si kwa kutoa majibu ya wagonjwa. Kwa programu nyingine yoyote iliyotajwa hapa, usiitumie kutolea majibu kabla mamlaka husika hazijairuhusu kwa kazi hiyo.

Kabla ya kuamua, chukua slaidi tatu kutoka skana yako mwenyewe, mojawapo ikiwa kubwa kuliko zote ulizo nazo. Mwombe mwenzako azifungue kwa kompyuta na mtandao anaoutumia kila siku, aende kwenye ukuzaji wa juu kabisa, asogee kutoka pembe moja ya tishu hadi nyingine, kisha akuambie ni sekunde ngapi zilipita kabla viini vya seli havijaonekana vizuri.