Hamsta kwa mtoto: mpole kwa nani, na saa ngapi?

Binti yangu aling'atwa saa tisa alasiri. Alikuwa na miaka 6, ndiyo kwanza ametoka shule, na hamsta wake, mnyama mdogo wa jamii ya panya tuliyemnunua siku tatu kabla, alikuwa amejifukia kwenye maranda, amelala fofofo. Mtoto akaingiza mkono kumtoa ili wacheze. Meno ya mbele ya hamsta ni marefu na makali kuliko umbo lake linavyoonyesha, na kidole kilitoka damu nyingi. Aliyetuuzia alikuwa ametuhakikishia kwamba mnyama yule ni mpole na mtoto yeyote anaweza kumshika.

Hamsta yule hakuwa mkali. Alikuwa usingizini, akashikwa ghafla na kitu kikubwa kilichomjia kutoka juu, kama kipanga anavyomjia panya porini. Akafanya alichoweza. Wahenga walisema aliyelala usimwamshe, na sijaona kiumbe anayestahili usemi huo kumzidi hamsta.

Tangu siku hiyo tumefuga wanyama wadogo wa aina kadhaa nyumbani, na nimewasaidia ndugu na majirani kuchagua wa kwao. Nikiwapanga, naangalia mambo matatu: mnyama yuko macho saa ambazo mtoto yuko macho? Anaweza kushikwa na mikono midogo bila kuumia wala kuumiza? Na mzazi yuko tayari kubeba kazi ambayo mtoto ataichoka baada ya wiki mbili? Hilo la tatu si tusi kwa watoto. Mnyama ni wa mzazi, mtoto ni msaidizi, na anayenunua kwa hesabu nyingine mnyama wake ndiye atakayeumia.

1. Simbilisi wawili

Kwa mtoto wa miaka 6 hadi 10, hapa ndipo ningeanzia. Simbilisi (kwa Kiingereza guinea pig) huamka na kulala kwa vipindi vifupi usiku na mchana, kwa hiyo mtoto akirudi shule atamkuta akitafuna. Ni mzito wa kutosha, kati ya gramu 700 na 1,200 akikomaa, hivyo anashikika vizuri na hachopoki mkononi kama wale wadogo. Akiogopa, mara nyingi huganda au hukimbia. Kung'ata ni nadra. Na ana sauti. Akisikia mlango wa friji unafunguliwa atapiga mluzi nyumba nzima isikie, na hakuna kinachomfurahisha mtoto kama kuitwa na mnyama wake.

Nimesema wawili kwa makusudi. Simbilisi ni mnyama wa kundi, na akikaa peke yake hunyong'onyea. Uswisi wameliweka hilo katika sheria ya ustawi wa wanyama iliyoanza kazi mwaka 2008: simbilisi hafugwi peke yake. Nunua majike wawili, au jike na dume aliyehasiwa. Usikubali kuambiwa "hawa bado wadogo" wakati dume na jike wako kizimba kimoja. Dume anaweza kupandisha akiwa na wiki chache tu, na jike anayebeba mimba yake ya kwanza baada ya kufikisha miezi saba au minane yuko hatarini kufia kwenye uzazi, kwa kuwa mifupa ya nyonga inakuwa imeshakazana.

Kazi yake si ndogo. Anajisaidia sana, na kizimba kinataka kusafishwa kila siku. Chakula chake kikuu ni nyasi kavu, ziwepo mbele yake saa zote, maana meno yake hayaachi kukua na yanasagwa na nyasi hizo. Kama sisi wanadamu, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, kwa hiyo kila siku apate majani mabichi na kipande cha pilipili hoho. Akikosa, viungo huvimba na ufizi huvuja damu. Kwa wawili, sakafu isipungue sentimita 120 kwa 60. Anaishi miaka 5 hadi 8. Mtoto wa miaka 8 leo atakuwa kijana wakati simbilisi bado anapiga mluzi.

Kumshika: mtoto akae sakafuni, taulo mapajani, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio. Asitembee naye. Simbilisi akianguka kutoka mikononi mwa mtoto aliyesimama anaweza kuvunjika mguu au uti wa mgongo.

2. Panya wa kufugwa, wawili pia

Najua neno lenyewe linawafanya wazazi wengi wafunge ukurasa. Vumilieni kidogo. Panya aliyezaliwa na kukulia mikononi mwa watu ndiye mwerevu kuliko wote kwenye orodha hii. Hujifunza jina lake, huja akiitwa, hupanda begani na kutulia hapo. Kwa asili ni wa usiku, lakini hubadili ratiba yake kufuata watu wanaomlisha, jambo ambalo hamsta halifanyi. Kwa mtoto wa miaka 9 au 10 anayetaka rafiki wa kumfundisha mambo, ningemweka hata juu ya simbilisi.

Kinachomshusha ni umri na afya. Miaka 2 hadi 3 basi. Magonjwa ya kifua huwasumbua sana, na majike hupata uvimbe wa matiti. Kabla ya kununua, mweke karibu na sikio lako: ukisikia mlio wa kukereza anapopumua, mwache.

3. Jerbili

Huyu naye ni wa jamii ya panya, na asili yake ni nyika kavu za Mongolia na kaskazini mwa China. Anakojoa kidogo, kwa hiyo harufu si tatizo, na anaonekana mchana na usiku akichimba mahandaki. Jozi ya ndugu wa jinsia moja huishi vizuri, miaka 3 hadi 4. Ni mwepesi kama risasi, kwa hiyo ni wa kutazamwa na kulishwa mkononi zaidi kuliko kupakatwa. Jambo moja mtoto alishike kichwani: hashikwi mkia kamwe. Ngozi ya mkia huvuka kama soksi, na haioti tena.

4. Hamsta wa Siria

Sasa tufike kwake. Wa nne si wa kutupwa, na kuna mtoto anayemfaa kabisa.

Huyu ndiye hamsta wa dhahabu, mkubwa kuliko hamsta wengine wa madukani, sentimita 12 hadi 18. Mwaka 1930 mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni alichimbua jike na watoto wake karibu na mji wa Aleppo huko Siria, wakapelekwa Jerusalem kwenye maabara. Karibu hamsta wote wa Siria wanaofugwa duniani leo ni uzao wa kiota kile kimoja. Kwa maneno mengine, hajafikisha hata miaka 100 akiishi na watu. Mbwa na paka wamekaa nasi maelfu ya miaka. Mwili wa hamsta bado unafuata masharti ya shimo lile la Aleppo: lala mchana chini ya ardhi, toka gizani, jaza mashavu, rudi, na yeyote atakayeingia shimoni mwako mfukuze.

Ndiyo maana anaishi peke yake. Hamsta wa Siria wawili wakikomaa ndani ya kizimba kimoja watapigana, na mara nyingi mmoja hufa. Muuzaji akikushauri uchukue wawili "wasichoke upweke", toka dukani.

Na ndiyo maana pia simwiti mnyama mpole wa watoto. Upole wake upo, lakini una saa zake: huanza kuamka jua likizama, na uchangamfu wake halisi ni saa tatu, saa nne usiku, wakati mtoto wa miaka 6 yuko kitandani. Mwenye miaka 10 na kuendelea, aliye mtulivu na anayelala kwa kuchelewa kidogo, anaweza kukutana naye. Chini ya hapo, mnaishia pale tulipoishia sisi.

Ukiamua kumnunua, nenda dukani jioni, si asubuhi. Mchana kila hamsta anaonekana mpole kwa kuwa amelala, na hapo unanunua mbuzi kwenye gunia. Jioni utaona anavyotembea. Macho yawe maangavu, pua kavu, manyoya bila mapengo. Mgeuze utazame chini ya mkia: pakiwa pamelowa na panatoa harufu, ana ugonjwa wa kuhara unaoua hamsta wachanga kwa siku mbili tatu, na wenzake wa kizimba kile wote watiliwe shaka. Uliza kama madume na majike yametenganishwa. Mimba ya hamsta ni siku 16 tu. Wapo walionunua mmoja, baada ya wiki mbili wana kumi.

Pesa yako kubwa iende kwenye kizimba, si kwa mnyama. Vile vizimba vidogo vya rangi rangi vyenye mabomba ya plastiki vimetengenezwa kumpendeza mnunuzi. Madaktari wa wanyama wa Ujerumani hupendekeza sentimita 100 kwa 50 kwa hamsta mmoja, na mimi naona hapo ndipo pa kuanzia. Kuliko vitu vya kuchezea, mpe kina: maranda au karatasi laini sentimita 20 na zaidi, achimbe. Maranda ya mwerezi yanaudhi kifua, yaepuke. Zile nyuzi kama pamba zinazouzwa kama matandiko usizinunue kabisa. Humfunga mguu mpaka damu ikakatika, na akizimeza huziba utumbo. Gurudumu la kukimbilia liwe na uso mzima usio na vijiti, kipenyo kama sentimita 28, la sivyo mgongo wake utapinda. Mpira wa plastiki wa kumwingiza ndani akabiringike nyumbani uacheni dukani. Haoni vizuri, anaongozwa na harufu, na ndani ya mpira hakuna harufu wala pa kujificha.

Kumzoesha ni kazi ya wiki, na hapa ndipo utajua kama mtoto wako anamfaa. Siku nne au tano za mwanzo msimguse. Abadilishiwe maji na chakula tu. Kisha mtoto anawe mikono (mkono unaonuka chakula huonwa kuwa chakula), aweke kiganja ndani ya kizimba kikiwa na mbegu, atulie. Siku ya kwanza hamsta hatakuja. Siku ya tatu atanusa na kukimbia. Siku akipanda mwenyewe kiganjani, hapo ndipo ameshikika. Akitaka kuhamishwa, aingie kwenye kikombe, asinyakuliwe kutoka juu.

Akipatwa na baridi kali anaweza kuingia usingizi mzito hata ukadhani amekufa: mwili wa ubaridi, pumzi moja moja. Kabla ya kumzika mpashe joto polepole mikononi na umwite daktari wa wanyama.

5. Hamsta wadogo

Roborovski ana urefu wa kama sentimita 5 na uzito wa gramu 20 na kitu. Ni mzuri kumtazama, na haiwezekani kumshika kwa usalama. Akiruka kutoka kwa mtoto, mtahamisha samani zote. Campbell ni mkubwa kidogo, lakini hung'ata akiona kizimba chake kimeingiliwa na huelekea kupata kisukari. Kwa mtoto, hapana.

6. Sungura

Wengi watashangaa kumwona mwisho. Nampenda sungura, na sababu ni hiyo hiyo. Anachukia kunyanyuliwa, na mtoto anachotaka ni kumnyanyua. Akihangaika hewani anapiga teke lenye nguvu ya kumvunja mgongo wake mwenyewe. Anaishi miaka 8 hadi 12, anahitaji mwenzake na nafasi ya kukimbia. Ni mnyama wa familia ya watu wazima wenye subira, na mtoto awe mgeni wake anayekaa sakafuni.

Kabla ya kulipa

Chunguza sheria ya unakoishi. Australia na New Zealand haziruhusu kufuga hamsta, wala jimbo la Hawaii nchini Marekani. California inakataza jerbili. Wanyama hawa huweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha, bila kuonekana wagonjwa, kwa hiyo nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5 ningesubiri, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kuwagusa. Mama mjamzito asisafishe vizimba vya jamii ya panya. Kuna kirusi wanachoweza kubeba kinachodhuru mimba. Mtafute mapema daktari anayejua wanyama wadogo, kwa kuwa si kila anayetibu ng'ombe na mbwa amewahi kushika simbilisi. Na mwambie mtoto kabla, si baada, kwamba hamsta huishi miaka 2, pengine 3.

Yule wetu wa kwanza alifikisha miaka 2 na miezi michache. Kisha tukafuga simbilisi wawili, ndio waliokuza mikono ya binti yangu. Hamsta wa pili tulimchukua mtoto akiwa na miaka 11. Saa tatu usiku gurudumu linaanza kuzunguka. Anafunga daftari, ananawa mikono, anaweka kiganja juu ya maranda na kusubiri. Usiku mwingine anasubiri dakika ishirini. Usiku mwingine hamsta haji kabisa, na anafunika kizimba na kwenda kulala.